Muulize ajenti meli yapita wapi

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Athumani,

Assalaam aleikum. Kwamba viza imetoka nimeshasikia, na mtaa mzima ushajua, maana babako hana siri. Cheti chako cha ubaharia keshakitia fremu. Hongera. Ila swali langu hujalijibu: meli yapita wapi?

Juzi nilimpeleka Mwanaidi Fort Jesus, mwalimu wao kawapa kazi ya kuandika. Niliazimia kukaa kivulini nimngoje, nikajikuta nimeganda mbele ya vitu vya ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilitumwa kutoka Goa kuja kuwaokoa wenzao waliozingirwa na Waomani humo ngomeni. Ikazama mwaka 1697, papo hapo mbele ya ngome! Wapiga mbizi waliifukua kuanzia 1977 hadi 1980. Mwanaidi akazisifu bakuli za kaure za Kichina. Mimi nikawawaza mabaharia. Wangapi walikuwa watoto wa watu, wameajiriwa kuvuta kamba tu, vita vya wakubwa haviwahusu ndewe wala sikio?

Ndiyo haya ya Bahari ya Sham. Julai 2025 Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walizamisha meli mbili katika wiki moja, Magic Seas na Eternity C, na kwenye hiyo ya pili mabaharia walikufa. Babako asema siku hizi meli nyingi zazungukia Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika, ziikwepe bahari hiyo. Nyingi si zote. Muulize ajenti, jibu lake uliandike, usinijibu "Inshallah mama" ukakata simu.

Mkataba usome wote kabla ya kutia sahihi. Kufunga fundo wamshinda babako, hilo nakupa, lakini karatasi wewe wazivivia tangu madrasa. Na yale niliyosema arusini mbele ya wajomba zako, kwamba bahari ni ya walioshindwa shule, usiondoke nayo. Babu yako alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, wa jahazi na alitulisha sote.

Njia ikiwa ni ya Bab el-Mandeb, ule mlango wa kusini wa Bahari ya Sham, niambie kabla hujapanda, si baada.

Friji imekufa tena. Fundi ataka elfu nne, nami sipandi zaidi ya mbili. Mshahara wa kwanza usinitumie wote, babako ataununulia mabati. Na ule mtungi wa gesi uliomwazima jirani wa juu bado hajarudisha; mpigie wewe, mimi naona haya.

Mamako