Salamu za shukrani kutoka kwa familia, Mikindani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillah, kaka yetu yuko nyumbani. Sisi wanafamilia, pamoja na mama yetu mzazi, tunawashukuru wote mliokuwa nasi tangu maradhi ya akili yalipomrudia msimu huu wa korosho. Mwenyewe ameridhia tuandike.

Usingizi ndio ulianza kukata, akawa anazungumza na watu tusiowaona. Kisha alfajiri moja tukakuta mlango wazi, kitanda kitupu. Tulimtafuta pwani, mashambani, hadi chumba cha maiti. Mama alikaa barazani hali halali, kila pikipiki ikipita anainuka.

Simu ilitoka Mnazi Mmoja, Lindi, pale njia ya Masasi inapochepuka. Mama mmoja muuza samaki alimwona mguu peku, kanzu ya Idi imechanika, amekumbatia redio isiyo na betri. Vijana walishaanza kumpiga picha. Akawafukuza, akamketisha karibu na jiko lake, akampa uji, akamuuliza taratibu kwao ni wapi, mpaka akautaja msikiti wetu. Dereva wa kosta aliyekuwa anakula pale akawapigia wenzake, habari ikamfikia imamu. Mama yetu wa Mnazi Mmoja, kitenge tulichokuletea ulikikataa. Tunakuombea kila swala, wewe na wanao.

Na wewe muuguzi wa afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Kaka alifika amefungwa kamba mikononi. Ulizifungua mwenyewe, ukasema, "Nitakaa naye," na kweli ukakaa mpaka dawa ikamtuliza. Hadi leo siku ya sindano ikikaribia unapiga simu. Allah akulipe kheri.

Shukrani kwa madaktari, imamu na jamaa wa msikiti, jirani zetu Wakristo mliotuombea, mwenyekiti wa mtaa, bodaboda, wavuvi, kina mama wa vikoba, walimu wa madrasa, ndugu wa Newala, Nanyamba na Dar es Salaam mliochanga nauli.

Mliosaidia ni wengi mno. Ambaye hatukumtaja, tunamwomba radhi sana, asione tumemsahau. Hata wewe uliyekuwa ukituachia ndoo ya maji mlangoni usiku, bado hatujakujua.

Kaka anaendelea na dawa. Mkimkuta njiani msalimieni kwa jina lake kama zamani, anafurahi sana.

Kisomo cha dua ni Ijumaa hii baada ya Alasiri, hapa nyumbani. Karibuni nyote.