Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa lava na vinasaba

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Mkutano mkuu umekaribia na katiba yetu inanitaka niwape taarifa ya mwaka, basi hii hapa, nimeiandika kwa lugha ya kawaida ili hata wenzetu ambao sio watu wa baharini, wale wa mahospitalini na wa viwanda vya samaki, wajue ada yao imeenda wapi.

Ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vya kila mwezi vimeendelea, tumepata wanafunzi wapya wa masters kutoka Zanzibar na Mombasa, karibuni sana jamani na poleni na baridi, waliomaliza tumewaaga vizuri, na hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe ukumbini. Kilichotuchukulia muda na pesa mwaka huu ni kikundi cha lava wa minyoo, yaani watoto wachanga wa minyoo ya baharini kabla hawajawa minyoo kamili, na hapo ndo nataka nikae.

Kwa asiyejua, tunavuta wavu wa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, wenye matundu madogo sana kwenye fjord, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kusini mwa Bergen hapa Norway, tunamimina kilichopatikana kwenye kisahani, halafu mtu anakaa na hadubini na pipeti anawachagua mmoja mmoja. Kuna trokofora, yaani lava wa hatua za mwanzo kabisa, kuna lava wa polikiti, minyoo ya baharini yenye vinywele, ambao wameshaanza kuviota, na kuna yule ambaye mimi sichoki kumtazama, pilidia, lava wa minyoo ya utepe, amekaa kama kofia yenye masikio mawili. Yaani ukimwangalia vizuri unaona mnyoo mchanga anajengwa humo ndani kwa vipande vipande, jozi tatu za visahani vya seli na viwili visivyo na jozi, vinakua vinazunguka utumbo mpaka vinaungana, halafu siku ikifika mnyoo anatoboa anatoka na mara nyingi anaila hiyo kofia yenyewe iliyomlea! Svetlana Maslakova wa Oregon alieleza mwaka 2010 hatua zote hizi kwa mnyoo mmoja wa pwani ile, akiwalisha lava mwani wa Rhodomonas kwenye maabara, na kazi ile ndo iliyotupa moyo sisi kuanza.

Sasa shida ni jina. Lava wawili wanafanana kabisa kumbe ni spishi mbili, na lava wa spishi moja akiwa mdogo na akiwa mkubwa unaweza kuapa ni wanyama tofauti. Njia ya zamani ni kumlea mpaka awe mnyoo kamili, ndo walivyofanya wazee kama Michael Sars, padri wa pwani hii hii ya Norway, na baadae Gunnar Thorson wa Denmark aliyefanya kazi mpaka Greenland mashariki. Lakini kwenye maji baridi ukuaji unakwenda taratibu mno. Sisi tuliokulia pwani ya joto hatukuzoea hivi, kule Antaktika kuna Parborlasia corrugatus, mnyoo wa utepe anayefika mita 2, lava wake anaelea baharini kwa miezi, nani atamkalia na kumlisha muda wote huo?

Ndo maana tumeenda kwenye vinasaba, yaani DNA. Unasoma kipande cha jeni la COI, herufi za vinasaba kama 650 hivi, unalinganisha na maktaba ya mtandaoni ya wanyama ambao vinasaba vyao vimeshasomwa. Lava ni mdogo kiasi kwamba mwili mzima unaingia kwenye tyubu na hakuna kitakachobaki, kwa hiyo nawasihi tena, picha kwanza, akiwa hai, juu na ubavuni, na namba ya picha iwe ile ile ya tyubu. Na mhifadhi kwenye ethanoli sio fomalini. Tuliletewa zawadi ya chupa nyingi nzuri sana zimejaa lava na zote zimewekwa fomalini, vinasaba vimeshaharibika, iliniuma kweli.

Majibu yaliporudi, lava wengi tulipata herufi safi kabisa ila hakuna jina, maktaba inasema huyu hafanani na yeyote. Wengine walivunjika moyo wakaona pesa imepotea, mimi sikubali. Lava hajakosea na maabara haijakosea, ni kwamba mzazi wake hajawahi kusomwa. Na hata wale wenye majina tuwe makini. Terebellides stroemii, polikiti wa pwani hii hii, alipewa jina na Sars mwaka 1835, watu wakamwona kila mahali, mpaka mwaka 2018 Arne Nygren na wenzake walipopima vinasaba wakakuta ni zaidi ya spishi 25 zimejificha chini ya jina moja! Na yule mnyoo wa Maslakova niliyemtaja, mwaka 2015 yeye na Terra Hiebert walionyesha ni spishi 5 tofauti.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba fungu la mwaka ujao liende kwa minyoo waliokomaa, wazazi wa lava hao. Najua kuna wanaotaka tusome kwa mpigo vinasaba vyote vilivyomo kwenye maji, ni teknolojia nzuri na siipingi, ila leo itatupa orodha ndefu zaidi ya wasio na majina. Tuchimbe matope, tugeuze mawe, tupige picha, mtaalamu amtambue mnyoo, tukate kipande kidogo cha kusomea vinasaba na mwili ubaki makumbusho. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Bergen wameshafanya kazi ya namna hii mpaka kwa wanyama wa bahari ya Afrika Magharibi, na kwakweli natamani vijana wetu wajifunze hapa ili waifanye na kwetu.

Mwenye pendekezo tofauti aliandike alitume kwa katibu kabla ya mkutano ili wote tulisome. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, majina yapelekwe huko huko, na wenye tyubu zetu kwenye friza za maabara zao naomba wazirudishe zikiwa na lebo.