Risala ya Kamati ya Siku ya Kukusanya Taka za Sumu za Nyumbani, Komini ya Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Burugumesta, mkuu wa komini yetu na mgeni wetu rasmi, wakubwa wa kata na wa avenyu, Mkuu wa shule uliyetupa kiwanja hiki, wamama na wababa, vijana wetu:

Jambo sana.

Tunakushukuru kwa kukubali kushuka garini na kumalizia njia kwa miguu. Gari lisingepita kwenye ule msururu wa pusi-pusi, mikokoteni yetu ya kusukuma, ulioukuta getini. Msururu huo ndio risala yenyewe. Sisi tunausindikiza tu kwa maneno.

Mheshimiwa, salongo, kazi ya usafi ya pamoja, tunaijua, wengi wetu tumezaliwa tukaikuta. Tunafagia, tunazibua mitaro, tunachoma majani. Lakini salongo huondoa kinachoonekana. Betri iliyokufa nyuma ya jiko haiioni, wala chupa ya soda iliyotiwa dawa ya panya ikawekwa juu ya kabati. Mawe ya redio, zile betri ndogo kavu, ndiyo mabaya zaidi: tulikuwa tunayafagia pamoja na majani na kuyachoma, na watoto wakisubiri yapasuke ili wacheke.

Ya betri tuyaseme kwa kirefu, maana ndiyo yaliyotukutanisha. Umeme ukikatika siku tatu, kila lupango, yaani kila ua wa nyumba, hujitafutia. Inanunuliwa betri ya gari iliyochoka, inachajiwa kwa jirani mwenye jenereta, inawasha taa mbili na televisheni. Siku ikifa kabisa, fundi huipasua kwa shoka, asidi akaimwaga chini, risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, akaiyeyusha kwenye karai juu ya makaa ili aiuze kwa kilo. Hatua chache kutoka hapo mama anasonga bukari, ugali wetu, na sufuria haina kifuniko.

Huko Dakar, kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa kwa vumbi la kazi hiyohiyo ya betri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Nasi visima vyetu ni vifupi. Kilichomwagwa chini wakati wa kiangazi, mvua za Novemba hukishusha.

Mtu atasema sumu ya Lubumbashi ni ya viwanda, si ya jikoni. Ni kweli nusu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha waliyoyakuta kwenye mikojo ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda: kobalti nyingi kupita kiasi, na risasi pia. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu ya kutoongeza nyingine kwa mikono yetu. Na hiyo kobalti, Mheshimiwa, inatoka hapa, inazunguka dunia, kisha inaturudia ikiwa betri ya simu iliyovimba.

Jaribio letu la kwanza, kiangazi kilichopita, lilituaibisha. Tulitangaza kanisani: leteni betri mbovu. Mzee mmoja, kwa adabu yake, akaimwaga asidi yote mtaroni asubuhi ile ili isituchome mikono, kisha akatuletea boksi tupu, limeoshwa vizuri. Hatukumlaumu. Tangazo ndilo lilikuwa fupi.

Safari hii tulipita lupango kwa lupango. Betri iletwe wima, haijafunguliwa. Taa za neoni zije nzima, zimefungwa gazetini, kwa sababu ndani zina zebaki. Mafuta ya vidanji, yale machafu yaliyotolewa kwenye injini, yabaki kwenye bidoni lake, dawa ya wadudu kwenye chupa yake, na maji ya javeli, ya kung'arisha nguo, yasikae karibu na asidi hata kidogo, maana vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Mezani tumeweka glavu, mchanga, na chokaa ya kumwagia asidi ikivuja. Mtoto hapokelewi bila mkubwa.

Shida yetu sasa ni kesho. Mapipa yamo kwenye stoo ya shule, na shule inaihitaji. Tunaomba utupatie chumba cha komini chenye paa na sakafu ya saruji, kinachofungwa. Tunaomba pia sauti yako iite wanunuzi wa betri wenye kibali waje kuzichukua nzima. Na yule fundi wa karai hatuombi afukuzwe. Ni mtoto wetu na anakula kwa kazi hiyo. Apewe mahali mbali na nyumba, akusanye betri bila kuzipasua, alipwe kwa kila moja.

Ufunguo wa stoo anao Mama Mweka Hazina, mstari wa pili, kitenge cha njano. Tunakuomba ukaione kabla ya chakula, kwa sababu ya harufu.

Ni sisi, Kamati.