Msaada kwa wanafunzi wa VETA uende kwenye vifaa

Mhariri,

Naandika kuhusu gharama za kusomea uchomeleaji katika vyuo vya ufundi vya VETA. Ada ya mwaka, shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, si mzigo mkubwa. Mzigo ni ile orodha inayokuja na maelekezo ya kujiunga: ovaroli, buti za usalama, glavu za ngozi, kofia yenye kioo cheusi cha kukinga macho, namba 10 au 11.

Halafu kuna vijiti vya kuchomelea, vinavyoyeyuka kuunganisha vyuma. Kijiti cha milimita 2.5 huisha kwa dakika moja hivi, na mkono hautulii kabla ya kuteketeza pakiti kadhaa. Mwanafunzi akigawiwa vijiti kwa kuhesabiwa, hapati nafasi ya kujaribu ampea (kiasi cha umeme) wala kujua umbali sahihi wa kijiti na chuma. Mshono wake, yaani pale vyuma vinapoungana, hubaki na matundu, na slagi (uchafu wa kijiti kilichoyeyuka) hunasa ndani isikoonekana. Vijiti vilivyopata unyevu stoo, jambo la kawaida Pwani, huzidisha tatizo.

Kwa hiyo halmashauri na wafadhili wanaolipia ada wangefikiria kulipia vijiti, vyuma chakavu na kinga, fedha ziingie chuoni kabla muhula haujaanza. Nacho chuo kitangaze gharama yote tangu siku ya kutoa fomu.

Mchomeleaji,
Tanga