Barua ya wazi: Mheshimiwa, kufuli la mpakani lilikuwa letu wenyewe

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Marangu. Mimi ni mchuuzi wa ndizi mshare, na hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo nadhani bado zinasomwa. Gari langu lipo mpakani mwa Kenya siku ya nne leo. Jumatatu niliambiwa kibali changu siyo chenyewe. Jumanne nikaleta chenyewe. Jumatano nikaambiwa kumbe kile cha Jumatatu ndicho. Jioni yake nikakusikia redioni ukihutubia Arusha, ukisema Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya Kenya, Uganda na sisi Tanzania, iliuawa na mataifa makubwa na Vita Baridi yao, sisi ndugu hatukuwa na kosa.

Samahani sana, Mheshimiwa. Mimi na Jumuiya ile ni rika. Tulizaliwa 1967, yenyewe kwa mkataba wa Kampala, mimi nyumbani kwa bibi. Ilikufa nikiwa darasa la tatu.

Wakubwa walikuwepo, sikatai. Kenya iliegemea Magharibi na kuagiza ndege za kivita Marekani. Sisi tulikuwa na Ujamaa wetu, na Wachina wakatujengea TAZARA, reli ya kwenda Zambia, kilomita 1,860. Amin wa Uganda naye akapata ndege za kivita za MiG kwa Warusi. Lakini mbona mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipotubana kwa sababu ya uhusiano wetu na Wajerumani wa Mashariki, Mwalimu aliwaambia wabebe msaada wao wote? Tuliweza kuwakatalia watu wa Bonn, makao ya serikali yao, tukashindwa kuelewana na watu wa Nairobi ambao kahawa yao na yetu inanyeshewa mvua moja.

Tuliyogombania yalikuwa ya nyumbani: reli, ndege, bandari, na nani hapeleki mapato makao makuu. Baada ya Amin kumpindua Obote mwaka 1971, Mwalimu hakukubali kukaa naye meza moja (na hapo simlaumu), basi kikao cha wakuu watatu kikawa hakipo. Januari 1977 ndege za shirika la pamoja zikaacha kuruka, nyingi zikabaki Nairobi. Februari tukafunga mpaka, tukashikilia na magari ya watalii yaliyokutwa huku. Kufuli lile halikutoka Washington wala Moscow.

Lilikaa miaka sita na miezi tisa. Shangazi yangu ameolewa Taveta. Kwa miguu unatoka asubuhi unafika mchana. Bibi alipofariki mwaka 1980, shangazi alipita njia za panya usiku, akafika kaburi limeshafukiwa. Alikaa pale juu ya udongo mbichi na kanga imelowa, hakumsalimia mtu. Mwaka mmoja kabla, Machi 1979, hapa hapa Moshi tuliwapokea Waganda waliokuja kupanga serikali ya baada ya Amin. Moshi ilikuwa na nafasi ya kuwapangia Waganda nchi, haikuwa na nafasi ya kumpitisha shangazi akamzike mama yake.

Kugawana mali kulihitaji Mswisi, Dakta Umbricht, aje atusuluhishe mpaka Mei 1984. Mswisi! Ndugu watatu wanagawana mabehewa, mzee wa kuwasuluhisha anatoka Uswisi.

Sasa naona tunarudi kule kule. Marekani wako na reli ya Lobito kule Angola, China wanarudi TAZARA, kila mmoja wetu anakimbilia tajiri wake. Kenya ina reli ya kisasa, SGR, sisi tuna SGR, upana mmoja, na hazikutani popote. Jumuiya ina nchi nane. Ndizi zangu zimeshindwa kuingia ya pili. Pengine kuna ugomvi wa juu ambao sisi wa chini hatuambiwi, au pengine kijana wa pale dirishani amechoka tu. Sijui nimlaumu nani, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Sikuombi fidia. Nilitaka kuomba, nimeacha. Nilitaka pia uje ulale mpakani usiku mmoja, nalo nimeacha. Naomba karatasi moja ibandikwe ukutani pale, kwa Kiswahili, iseme mwenye ndizi anatakiwa kuwa na vibali gani. Karatasi moja, Mheshimiwa, na gundi, gundi nitanunua mimi.

Dereva amenipigia sasa hivi. Anasema zimeanza kuiva na wanakula.

Wako,
Mchuuzi wa ndizi, Marangu, Moshi