Barua kwa mwanangu aliyeko Mayo, Ireland

Mwanangu mpenzi,

Salamu, sisi wazima, baba yako anakusalimia sana. Nimefurahi mno umepata darasa la kufundisha huko. Umeniambia wazee wa kijiji huzitaja shule za vichakani, zile za siri za Wakatoliki wa zamani, kana kwamba zilifungwa juzi. Wasikilize, mwanangu.

Sheria ya 1695 ilimkataza Mkatoliki wa Ireland kufundisha, hadharani au hata nyumbani kwa mtu. Akikamatwa, faini pauni 20 na jela miezi 3. Mwaka 1709 ikaja zawadi ya pauni 10 kwa atakayemfichua mwalimu. Pauni 10, kwa wakulima wapangaji! Hapo ndipo ninapoumia: sheria ile ilimfanya jirani amwogope jirani.

Watoto wakasomea nyuma ya ua wa miti, mmoja akilinda njia. Sheria zilipolegea kuanzia 1782, vibanda na mazizi yakawa madarasa. Kila mtoto alikuja na bonge la udongo wa kinamasi uliokaushwa, amelibana kwapani, ndio kuni zao. Asiye na fedha alimlipa mwalimu siagi au mayai. Na elimu ilikuwa ya kweli: katika kaunti ya Kerry kulikuwa na walimu waliofundisha hadi Kilatini. Miaka ya 1820 tume ya serikali ilikuta shule kama 9,000 za kulipiwa na wazazi, tena wazazi fukara. Watoto wa Kiprotestanti nao walisoma humo pamoja na Wakatoliki. Hilo usiliruke ukisimulia.

Chuki ilikuwepo, sikatai. Mkatoliki alilazimishwa kulipa zaka kwa Kanisa la Kianglikana ambalo yeye hakusali humo, mpaka damu ikamwagika miaka ya 1830. Ndiyo maana shule ya bure ya kanisa hilo wazazi wengi waliiona mtego wa kubadilisha watoto dini.

Sasa nikuombe jambo. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 waliwahoji wazee wao na kuandika masimulizi, na daftari hizo zinasomeka kwenye intaneti. Tafuta za shule za jirani, wasomee wanafunzi wako. Ila ukikuta jina la aliyechukua zawadi, au la familia iliyobadili dini wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 ili ipate supu, usilitamke darasani. Vitukuu vyao huenda ni wanafunzi wako. Waulize kwanza wazee.

Mama yako