Dawa ya TB ni bure, kuumwa TB siyo bure

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba TB haiishi uswahilini kwa sababu watu wa huku ni wazembe, kupima wanapimwa bure, dawa wanapewa bure, halafu hawaendi na wakienda hawamalizi dozi. Kwenye ubure wa dawa yuko sahihi kabisa, kwenye hilo serikali tuipe haki yake. Ila huyu ndugu sidhani kama amewahi kupanga chumba Mbagala au Tandale, angekuwa amepanga asingeandika vile.

Nyumba zetu nyingi za kupanga zina korido katikati na vyumba huku na huku, choo uani cha wote. Ukuta wa chumba na chumba haufiki juu, unaishia njiani, na siling bodi hakuna, kwa hiyo jirani akiwasha redio na wewe unasikiliza, akikohoa usiku kucha hewa yake ndo hiyohiyo yako. Dirisha lipo lakini nani anafungua, ukilala nalo wazi vibaka wanachana nyavu wanaingiza mti wanavua simu na suruali yenye nauli ya kesho. Sasa mdudu wa TB anasafiri kwa hewa, mtu akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba anatoka, na kwenye chumba kisichopitisha upepo wala jua anaelea humo masaa. Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka, wale walio karibu naye. Na walio karibu ndo sisi tunaolala baba, mama na watoto chumba kimoja na pazia katikati. Tajiri naye anaambukizwa, mdudu hachagui mtu, ila akishaumwa atamwambukiza nani humo ndani wakati kila mtu ana chumba chake na dirisha lake na mlinzi yuko getini?

Halafu kuambukizwa siyo kuumwa, hapa wengi wanachanganya. Karibu robo ya watu wote duniani wanakadiriwa kuwa naye huyu mdudu mwilini na wengi wao hawataumwa mpaka wanakufa, kinga imembana katulia. Anaamka kinga ikishuka, kwa mwenye VVU, mwenye kisukari, mnywaji sana wa pombe, na kwa mtu asiyekula akashiba. Hapo kwenye kula ndo pananiuma. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti uliofanyika India kwenye jimbo la Jharkhand, kule umaskini ni wa kweli kweli, wakachukua familia zenye wagonjwa wa TB, upande mmoja analishwa mgonjwa peke yake, upande wa pili analishwa mgonjwa na familia yake yote. Kwenye familia zilizolishwa zote, watu wapya kuumwa TB walipungua kwa karibu asilimia 40. Yaani mchele na dengu! Siyo chanjo mpya, siyo mashine, chakula tu. Na serikali ya India tangu 2018 inamwekea mgonjwa wa TB rupia 500 kila mwezi kwenye akaunti, mwishoni mwa 2024 ikapandisha ikawa 1,000. Siyo hela nyingi, ila siyo maneno matupu.

Sasa nikuambie huyo "mzembe" anaishije. Nina jirani, jina lake naliacha, ni saidia fundi, kazi yake kubeba zege. Alianza kukohoa akasema ni vumbi la saruji, tukamwambia nenda kapime, akasema siku nikienda kupima ile foleni inanila mchana kutwa, jioni tunakula nini, na kesho yake msimamizi kashachukua mtu mwingine. Akawa anapita duka la dawa jioni, leo dawa ya kikohozi, kesho amoksilini vidonge viwili vitatu kadiri ya hela iliyopo. Ukijumlisha alitumia hela nyingi kuliko nauli ya kwenda hospitali, lakini zilikuwa zinatoka kidogo kidogo na kazi haikosi, ndo hesabu ya mtu wa kibarua ilivyo. Miezi ikapita, wakati huo anakohoa ndani, anakohoa kwenye daladala, anakohoa saiti. Alipopimwa ikaonekana TB, akapewa dawa.

Vile vidonge jamani siyo mchezo. Kwanza mkojo unakuwa rangi ya chungwa, kama hujaambiwa unadhani unakufa. Pili ukimeza tumbo tupu kichefuchefu unakiona, na baada ya wiki kadhaa mwili ukianza kupona hamu ya kula inarudi kwa fujo. Akaniambia, "Kaka, bora nilivyokuwa naumwa sikuwa na njaa, sasa hivi nakula msosi wa watoto." Mkewe alikuwa anauza vitumbua pale nje asubuhi, maneno yakavuja kwamba mumewe ana TB, wateja wakahama, wakakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Kodi ya chumba tunalipa miezi sita kwa mkupuo na dozi ya TB nayo ni miezi sita, piga hesabu mwenyewe. Mwezi wa tatu akajisikia mzima, ikatokea kazi Bagamoyo ya kulala hukohuko, akaenda, dawa akaziacha kabatini. Mdudu akirudi hapo anaweza kurudi na usugu wa dawa, matibabu yake ni marefu na ni ghali, na anayelipa ni serikali hiyohiyo iliyoshindwa kumpa mtu unga wa kumvusha miezi sita. Huo ndo uzembe wenyewe mnaousema, na hayuko peke yake maana hata hao Shirika la Afya Duniani wanasema karibu nusu ya familia zenye mgonjwa wa TB duniani zinapoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato chao cha mwaka, na dawa ni bure.

Kitu wengi hawajui, ule mpango wa kutibu TB kwa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi na kufuatiliwa mpaka amalize, ambao baadaye ulisambazwa dunia nzima kwa jina la DOTS, kwa sehemu kubwa ulipikwa hapahapa Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo aliyezaliwa Chekoslovakia akishirikiana na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Na enzi hizo mgonjwa alikuwa analazwa miezi miwili ya mwanzo. Maana yake kitanda na msimamizi wa dawa viko wodini, na nyumbani hakuna anayevuta hewa yake. Baadaye ikaonekana kulaza watu ni gharama, na ni kweli, wakarudishwa majumbani. Ila gharama haikufa, ilihamia kwa mke wa mgonjwa.

Kwa hiyo mimi naomba kitu kimoja. TASAF wana utaratibu wa kunusuru kaya maskini na hela wanatuma, basi mgonjwa wa TB akiandikishwa kliniki jina lake liingizwe humo kwa muda wa dozi, na hela itoke kila akichukua dawa zake. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 ni nzuri lakini bima inalipa hospitali, hailipi nauli wala sembe. Najua kuna watakaosema watu watajifanya wagonjwa. Makohozi yanapimwa kwa mashine, na pale chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, kuna panya buku waliofundishwa kunusa TB, panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20, sasa wewe utamdanganya panya?

Na wenye nyumba nao waguswe. Grili imara na matofali ya matundu juu ya dirisha siyo gharama ya kumfilisi mtu, halmashauri wapite wakague. Kodi ya majengo yao inakatwa kwenye umeme wa LUKU tunaonunua sisi wapangaji, angalau hiyo hela iturudie kama tundu la hewa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam